Futurama au Rick and Morty: uanze na ipi ukitaka katuni inayojua kwamba ni hadithi?

Swali hili husikika sana kwenye mageto ya Ng'ong'ona, hasa mitihani ya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ikiisha na mtu ana flashi tupu na likizo ndefu mbele yake: "Nataka katuni ya watu wazima, ya sayansi, ichekeshe, ila isinichukulie mtoto. Nianze na ipi?" Majina mawili hurudi kila mara, Futurama na Rick and Morty, na majibu huwa mafupi mno. Hii ya zamani, ile ya kisasa. Hii ya upole, ile ina matusi. Ni kweli yote, lakini hayamsaidii mtu kuchagua, kwa sababu tofauti kubwa ya sizoni hizi iko kwingine: kila moja inajua kwamba yenyewe ni hadithi tu, na kila moja inautumia ujuzi huo kwa namna yake.

Hadithi inayojijua si jambo geni kwetu. "Hadithi! Hadithi!" "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Msimulizi anauita uongo waziwazi kabla hajamtaja hata sungura, na watoto wanamwitikia kwa sauti moja. Kwenye vibanda vya video nako, fundi wa kutafsiri filamu huongea juu ya sauti za waigizaji, humbatiza adui jina la mtaani, humkejeli, kisha hukutuliza: usiwe na wasiwasi, steringi hafi. Hakuna anayetoka kibandani akilalamika kwamba ameharibiwa filamu. Watu wanafurahi mara mbili, kwa kisa chenyewe na kwa kukumbushwa kwamba ni kisa.

Sizoni hizi mbili hufanya kazi hiyohiyo, ila maneno ya fundi yamo ndani ya muswada wenyewe. Nitataja miisho ya vipindi kadhaa hapa chini. Haiwezekani kuzilinganisha vizuri bila kufanya hivyo.

Zilikotoka

Futurama ilianza kuonyeshwa kwenye kituo cha Fox, Marekani, tarehe 28 Machi 1999. Muasisi wake ni Matt Groening, aliyeijenga pamoja na David X. Cohen, mtu aliyesoma fizikia Harvard kabla ya kuandika vichekesho. Fry, kijana mpeleka piza wa New York, anagandishwa kwa bahati mbaya usiku wa kuamkia mwaka 2000 na kuzinduka miaka elfu moja baadaye. Anapata kazi kwenye kampuni ya kupeleka vifurushi ya Profesa Farnsworth, mzee wa ukoo wake mwenyewe, pamoja na Leela, nahodha mwenye jicho moja, na Bender, roboti mlevi mwenye mkono mwepesi. Fox iliisitisha mwaka 2003. Ikarudi kwa filamu nne zilizotoka kwenye DVD kati ya 2007 na 2009, ikahamia Comedy Central kuanzia 2010 hadi 2013, kisha Hulu, huduma ya kutazama mtandaoni, wakaifufua mwaka 2023.

Rick and Morty ilianza tarehe 2 Desemba 2013 kwenye Adult Swim, kituo cha Marekani cha vipindi vya watu wazima. Waliobuni ni Dan Harmon na Justin Roiland. Rick ni babu mwanasayansi, mlevi, mwenye akili kuliko kila mtu na asiyesita kulisema hilo. Morty ni mjukuu wake wa miaka 14 anayeburutwa kutoka ulimwengu mmoja hadi mwingine kupitia milango ya kijani inayofunguliwa kwa bunduki ya babu. Hadi msimu wa 8 uliotoka 2025, vipindi vimefika 81. Mwaka 2023 Adult Swim walikatisha uhusiano na Roiland, ambaye ndiye aliyekuwa sauti ya Rick na pia ya Morty, na kuanzia msimu wa 7 sauti hizo zikachukuliwa na Ian Cardoni na Harry Belden. Usiogope mabadiliko hayo. Wawili hao wanaifanya kazi vizuri kiasi kwamba asiyeambiwa huenda asigundue.

Sheria ya kurudi palepale

Hapa ndipo penye kiini cha ulinganisho, na nitakaa hapa.

Vichekesho vya televisheni vya zamani vina sheria moja isiyoandikwa: dakika ishirini na mbili zikiisha, kila kitu kiwe kimerudi kilipokuwa. Nyumba iliyoungua iwe imesimama, aliyefukuzwa kazi awe kazini, waliogombana wawe wamepatana. Sheria hiyo ilikisaidia kituo kurusha kipindi chochote siku yoyote bila mtazamaji kupotea.

Bibi yangu kule Mpwapwa aliifuata sheria hiyo bila kuwa na televisheni. Jioni moja, tukiwa tumemzunguka anamenya karanga, mdogo wangu alimkatiza: "Bibi, mbona jana fisi alimla sungura?" Bibi hakuinua hata macho. "Alimla, mjukuu wangu. Leo sungura ana kazi nyingine." Akaendelea, na sote tukaendelea naye.

Futurama inaijua sheria hiyo na inaitamka kwa kinywa chake. Kipindi cha kutazama ni "When Aliens Attack", cha mwaka 1999. Mwaka huohuo, katika hadithi, Fry anapeleka piza kwenye kituo cha televisheni, anamwaga bia juu ya mitambo na kukata matangazo ya sizoni moja ya mwanamke wakili. Mawimbi ya matangazo hayo yanasafiri angani kwa miaka elfu moja hadi yanafika kwa wakazi wa sayari ya Omicron Persei 8, ambao wanakatishwa utamu katikati ya kisa. Wanakuja Dunia na silaha kudai waonyeshwe mwisho. Kwa kuwa kanda zimepotea, Fry na wenzake wanalazimika kuuigiza wenyewe. Leela, akicheza nafasi ya wakili, anabuni jambo jipya lisilotarajiwa, na mtawala wa wageni anakasirika papo hapo. Fry ndiye anayejua dawa: watu wa televisheni hawataki mapya, mapya huwatisha. Wanamaliza kwa namna iliyozoeleka, wageni wanaridhika na kuondoka. Fry anafunga kipindi kwa kueleza siri ya sizoni zote, kwamba mwishoni kila kitu hurudi kilivyokuwa. Kamera inarudi nyuma taratibu na tunauona mji mzima ukiwa magofu yanayowaka moto.

Kile kichekesho kinanifurahisha hadi leo kwa sababu kinasema mambo mawili kwa pamoja. Fry anasema kweli, maana kipindi kinachofuata mji umesimama kama kawaida. Na picha inasema kweli pia, maana kitu kimevunjika mbele ya macho yako na hakuna atakayekilipia.

Waandishi wa Futurama hawakuishia hapo. Mwaka 2010, katika "The Prisoner of Benda", wahusika wanabadilishana miili kwa mashine ya Profesa, halafu wanagundua kwamba mashine haikubali watu wawili waliokwisha kubadilishana wabadilishane tena. Mmoja wa waandishi, Ken Keeler, ana shahada ya uzamivu ya hisabati, na kwa ajili ya kipindi hicho aliandika uthibitisho halisi wa kihesabu: hata watu wachanganyike vipi, ukiongeza watu wawili tu ambao bado hawajabadilishana na yeyote kati yao, kila mmoja anaweza kurudishwa mwilini mwake. Uthibitisho unaonekana ubaoni, kwenye skrini. Fikiria walichofanya hapo. Sheria ile ya kurudi palepale, ambayo sizoni nyingine huitimiza kimyakimya, wao wameithibitisha kwa hesabu. Kwa yeyote anayesoma hisabati, au kompyuta pale CIVE, chuo cha kompyuta ndani ya UDOM, hiki ndicho kipindi cha kuanza nacho, na usimamishe picha ubao unapotokea.

Kisha kuna "Meanwhile" ya Septemba 2013, iliyoandikwa kama mwisho wa sizoni. Profesa anatengeneza kitufe kinachorudisha muda nyuma kwa sekunde chache. Fry anakitumia katika siku anayomposa Leela, mambo yanaharibika, kitufe kinavunjika, na ulimwengu wote unasimama isipokuwa wao wawili. Wanazeeka pamoja katika dunia isiyotembea. Profesa anapowapata, anasema anaweza kurudisha kila kitu hadi kabla kitufe hakijatengenezwa, ila hakuna atakayekumbuka lolote. Fry anamwuliza Leela kama yuko tayari kuanza upya. Leela anakubali. Sheria ileile iliyochekwa mwaka 1999 ndiyo inayokuliza mwaka 2013, na hakuna mhusika anayegeuka kukueleza kwamba hilo ndilo limefanyika. Wanakuachia ulione mwenyewe.

Rick and Morty nayo inaijua sheria, lakini inakataa kuitii. Kipindi cha sita cha msimu wa kwanza, "Rick Potion #9", kinaanza kama vichekesho vya shule: Morty anataka dawa ya mapenzi ili msichana fulani amtazame. Dawa inachanganyika na mafua, inaenea dunia nzima, Rick anajaribu kutibu na kuharibu zaidi, mpaka binadamu wanageuka mazimwi yasiyo na umbo. Mtazamaji mzoefu ametulia, anasubiri dawa ya dakika ya mwisho. Dawa haiji. Rick anatafuta ulimwengu mwingine, uliofanana na wao, ambamo tatizo lilitatuliwa lakini Rick na Morty wa huko wanakufa kwa mlipuko gereji muda huohuo. Wawili wetu wanaingia, wanazika miili yao wenyewe uani, na kukaa mezani na familia isiyo yao.

Kwa nje, kila kitu kimerudi kilivyokuwa: nyumba ileile, wazazi walewale, kochi lilelile. Steringi hakufa, na steringi amezikwa uani. Kinachofanya kipindi kile kiwe kikubwa ni dakika ya mwisho, ambapo hakuna utani wowote, ni Morty tu anatembea ndani ya nyumba na kuwatazama watu wanaofanana na mama yake, baba yake na dada yake.

Vipindi viwili mbele, katika "Rixty Minutes", deni linaanza kulipwa. Kwa muda mwingi kipindi hicho ni mzaha tu: familia inatazama vituo vya televisheni vya ulimwengu mwingine, na sehemu kubwa ya vipande hivyo Roiland alivibuni papo hapo akiwa na maikrofoni. Katikati ya vicheko, Summer, dada yake Morty, anagundua kwamba kuzaliwa kwake hakukupangwa, na anafungasha aondoke nyumbani. Morty anamwonyesha kaburi lake yeye Morty kupitia dirishani, anamweleza kilichotokea, na kumwambia kwamba hakuna aliyezaliwa kwa makusudi, kwa hiyo aje tu watazame televisheni. Ni maneno mazito kutoka kwa kijana wa miaka 14, na yana uzito kwa sababu tulimwona akichimba.

Mwaka 2022, msimu wa 6 ulipoanza na "Solaricks", hitilafu inamrudisha kila mtu kwenye ulimwengu wake wa asili, na Morty anajikuta kwenye dunia ile waliyoiharibu. Baba yake wa asili yuko hai, peke yake, amekuwa mtu mgumu, na hana sababu ya kumkumbatia mwanawe. Miaka minane imepita tangu "Rick Potion #9" ilipoonyeshwa. Sijaona sizoni nyingine ya vichekesho iliyobeba deni kwa muda mrefu hivyo na bado ikalilipa.

Kwa hiyo tofauti yenyewe ni hii. Futurama inakucheka wewe na sheria yako kwa upole, kisha inakurudisha kwenye kisa ukiwa umetulia. Rick and Morty inaichukua sheria hiyohiyo na kuuliza nani hubaki na maumivu kila kitu kinaporudi palepale, na jibu lake karibu kila mara ni Morty.

Hila nyinginezo

Za Futurama ni ndogondogo na zinafurahisha. Kila kipindi kinaanza na mstari mfupi wa mzaha chini ya jina la sizoni. Kwenye mabango ya mjini kuna maandishi ya wageni wa angani ambayo ni herufi zilizobadilishwa tu. Watazamaji wa mwanzo waliyafumbua haraka, waandishi wakatunga mfumo wa pili mgumu zaidi. Filamu ya kwanza ya 2007 inaanza kwa kisasi cha wazi: kampuni ya vifurushi imesitishwa na wakubwa wa mtandao uitwao Box, jina ambalo kila mtu anajua linamsema nani. Na kurudi kwake mwaka 2023, katika "The Impossible Stream", kulianza na Fry akiazimia kutazama kila sizoni iliyowahi kutengenezwa, kwenye huduma inayoitwa Fulu. Wanajicheka, lakini hawakusimamishi muda mrefu kwenye mzaha huo.

Rick and Morty hapa ni jambo jingine kabisa. Dan Harmon anajulikana kwa mchoro wake wa duara lenye hatua nane, alioutoa katika mawazo ya Joseph Campbell, mtaalamu wa hekaya: mtu yuko kwake, anataka kitu, anaingia mahali pageni, anahangaika, anakipata, anakilipia, anarudi, amebadilika. Waandishi wengi wa sizoni wanautumia. Katika "Never Ricking Morty" ya 2020, Harmon na wenzake wameugeuza mchoro huo kuwa reli. Rick na Morty wamo ndani ya treni inayozunguka duara, abiria wanasimulia visa kuhusu Rick, kila behewa ni aina ya hadithi, na dereva wake anataka kunyonya visa vyao viishe. Mwishoni tunaelezwa kwamba treni yote ni ya kuchezea, iliyonunuliwa dukani.

Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu na ninaiheshimu. Lakini inaniacha baridi. Hakuna mtu ndani ya treni ile anayeumia kwa jambo ninaloliamini, kwa hiyo ujanja unabaki peke yake. "Full Meta Jackrick" ya 2022 inarudia njia hiyo, ikiwa na kiumbe anayeishi ndani ya ile sehemu ya "katika kipindi kilichopita", na inanichosha kabla haijafika katikati.

Linganisha na "Total Rickall" ya 2015, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote za kujijua. Vimelea vinaivamia nyumba kwa kupandikiza kumbukumbu za uongo: ghafla kuna mjomba, kuna rafiki wa zamani, kuna mhudumu wa nyumbani, na kila mmoja anakuja na kisa kitamu cha zamani. Sizoni zote hutufanyia hivyo, hutuletea mhusika mpya na kutuaminisha kwamba alikuwapo siku zote. Familia inagundua njia ya kumtambua wa kweli: vimelea hupandikiza kumbukumbu nzuri tu, kwa hiyo mtu unayemkumbuka kwa ubaya ndiye ndugu yako halisi. Hata muziki wa mwanzo umeingizwa kiumbe mdogo wa manjano mwenye kofia ambaye hatukuwahi kumwona, ili na wewe mtazamaji utiliwe shaka. Na kosa linalofanywa juu ya kiumbe huyo mwishoni linauma kweli. Hapo ujanja na moyo vimekaa mahali pamoja.

Sebule, bando na Kiingereza

Sebuleni kwetu neno katuni bado lina maana ya watoto, na mama akisikia muziki wa katuni anamwacha mdogo wako akae hapo. Rick and Morty usiiweke mbele ya mtoto hata kidogo. Kuna damu, matusi, ulevi, mambo ya kitandani, na kuna vipindi vinavyogusa kujiua. Futurama ina ulevi wa Bender na mizaha ya watu wazima, si ya watoto pia, lakini mjomba akiingia ghafla hutakimbilia kuzima. Kama unatazama nyumbani Area D au Kisasa na sebule ni ya wote, hoja hii pekee inatosha kukupa jibu.

Kiingereza nacho. Wahusika wa Futurama wanatamka vizuri na kupokezana. Rick anacheua katikati ya sentensi, Morty anagugumia, na mara nyingi wanaongea kwa pamoja. Weka maandishi ya chini, usione aibu. Kwa upande mwingine Futurama imejaa watu wa Marekani ya karne iliyopita: kichwa cha Richard Nixon, rais aliyejiuzulu 1974, kinaishi ndani ya mtungi na kinatawala Dunia. Asiyemjua Nixon anapitwa na nusu ya kicheko. Rick and Morty inategemea zaidi filamu, na hizo vijana wengi wa hapa wameziona, nyingine kwa sauti ya fundi wa kutafsiri.

Kuhusu bando, vipindi vyote ni vya dakika ishirini na kitu, mafaili si makubwa. Pakua kwenye waifai ya chuo kihalali kupitia huduma unayolipia, uwe navyo safarini. Treni ya umeme ya kwenda Dar inakutosha kumaliza vipindi kama tisa, na ukipita Kilosa kwenye mahandaki mtandao ukikatika hujali.

Kwa ukubwa wa kazi, Futurama ilikuwa imefikia vipindi 140 ilipofungwa 2013, na sasa imepita hapo. Lakini unaweza kuruka ovyo bila kupotea, isipokuwa kisa cha Fry na Leela, ambacho kinafaa kifuatwe kwa mpangilio. Rick and Morty ukiiruka utaumia, kwa sababu ya madeni niliyoyaeleza.

Kuna ya tatu

Star Trek: Lower Decks, tawi la katuni la sizoni kongwe za angani za Star Trek, iliyoanza 2020 na kumalizika Desemba 2024 ikiwa na vipindi 50, imetengenezwa na Mike McMahan, aliyewahi kuandika Rick and Morty. Inahusu wafanyakazi wa ngazi ya chini kwenye chombo cha angani kisicho na umaarufu, wale ambao kwenye sizoni nyingine hupita nyuma ya nahodha wakiwa wamebeba boksi. Inajijua kwa njia ya upendo: inazijua kasoro zote za Star Trek na inaipenda hivyohivyo. Tazama "Crisis Point", ambapo Mariner anaingilia programu ya mazoezi ya mwenzake na kuigeuza filamu ambayo yeye ni adui, kisha anajikuta akipigana na nafsi yake. Ukiwa na kazi ya kuajiriwa kwenye ofisi za serikali pale Mtumba, ukiandaa nyaraka ambazo wakubwa watazisoma kwa sauti yao, utawaelewa wale vijana upesi. Ila bila kuijua Star Trek hata kidogo utafurahia nusu tu, kwa hiyo siiweki ya kwanza.

Ninavyoshauri

Kama hujawahi kutazama katuni ya watu wazima, anza na Futurama. Naamini hivyo kwa dhati, hata kama kelele za mtaani zinaelekea upande wa pili. Itakufundisha sheria kwa kukuchekesha, na mzaha wa kujijua hauna ladha kwa mtu asiyejua kinachochezewa.

Kama tayari umekula sizoni nyingi, unajua adui atarudi lini na nani atasalitiwa, na umechoka kujua, nenda Rick and Morty moja kwa moja. Imeandikwa kwa ajili yako. Na kama unapitia kipindi kigumu cha moyo, iweke pembeni kwanza, uirudie baadaye. Maneno ya Rick kwamba hakuna chenye maana yanavutia sana usiku wa manane, na sizoni yenyewe hutumia misimu kadhaa kuonyesha jinsi yanavyomharibu msemaji.

Kama unaandika, na wapo vijana wengi hapa Dodoma wanaoandika miswada na kuchora katuni kwenye simu, tazama zote mbili ukiwa na kalamu. Chukua "When Aliens Attack" na "Rick Potion #9" uzitazame jioni moja, moja baada ya nyingine. Angalia ni dakika ya ngapi kila moja inakiri kwamba ni hadithi, na nani analipa baada ya kukiri. Utagundua kwamba kumfanya mhusika amgeukie mtazamaji na kusema "hii ni katuni" ndiyo hila rahisi kuliko zote, na sizoni hizi zikiwa kwenye ubora wake huitumia kwa nadra.

Mpangilio wangu kwa Futurama: "When Aliens Attack", halafu "Jurassic Bark" ya 2002 kuhusu mbwa wa Fry, uitazame ukiwa peke yako, halafu "The Prisoner of Benda", na "Meanwhile" ije ya mwisho kabisa baada ya kuwafuata Fry na Leela kwa misimu kadhaa. Kwa Rick and Morty, tazama msimu wa kwanza kwa mpangilio wake wote, kisha "Total Rickall", kisha endelea bila kuruka hadi "Solaricks". "Never Ricking Morty" iache ije kwa zamu yake, msimu wa 4, usiitafute mapema kwa sababu mtu amekuambia ndiyo ya kijanja kuliko zote.